Mwaka wa Faili za Nisome

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Gervas huko Rusimbi. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na akina mama, nikasikiliza salamu za rambirambi. Alisimama jirani, akasimama mtu wa jumuiya yake ya kanisani, akasimama mdogo wake aliyetoka Kasulu, na wote watatu, kila mmoja kwa namna yake, wakasema marehemu hakuwa mtu wa maneno. Mdogo wake alisema ungeweza kusafiri naye kutoka Kasulu mpaka mjini, na neno pekee ambalo angekuambia njia nzima ni "tumefika". Watu walicheka kile kicheko cha msibani ambacho hufichwa kwenye kanga. Mimi sikucheka. Niliwahi kuyasoma maneno ya mtu yule kwa muda wa karibu mwaka mzima, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko yeye. Aliyaandika, akayaacha mahali ambapo aliamini mtu mwenye shida nayo angepita siku moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nimepanga chumba Buzebazeba. Kila asubuhi nilikwenda kazini Bangwe, kwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la nyavu na vipuri vya injini za boti. Sakafu ilikuwa ya mbao na ilipitisha kila kitu: harufu ya dagaa walioanikwa, moshi wa jiko la Mama Zawadi aliyepika chini yetu, kwenye baraza la duka, na mazungumzo ya wateja wake. Nilijua nani kafumaniwa na nani kapandishwa cheo kabla sijawasha kompyuta. Saa saba mchana Mama Zawadi aligonga dari lake, ambalo ndilo sakafu yetu, kwa mpini wa ufagio, nasi tukashuka kula ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama udongo wa barabarani. Mzee Gervas alikula akitazama sahani yake. Akimaliza alisema, "Aksante, mama," akapanda ngazi. Mama Zawadi alimwita Bubu, kwa mapenzi, na hakuna aliyejua jina lile lingekuja kutuuma.

Kazi yetu ilikuwa programu moja tu. Zahanati za vijiji vya mwambao wa ziwa zina majokofu ya umeme wa jua ya kutunzia chanjo, na jokofu likipata joto chanjo zinaharibika. Kila siku, asubuhi na jioni, muuguzi alisoma kipimajoto akatuma ujumbe wa simu wenye namba mbili: saa na joto. Programu ikapokea, ikamjibu "Umepokelewa", na ikiona joto limezidi ilimtafuta fundi. Mzee Gervas ndiye aliyeiandika yote peke yake kwa miaka sita. Mimi niliajiriwa nimsaidie. Nilikaa naye wiki saba. Wiki ya nane alianguka bafuni kwake, kiharusi, na alipotoka hospitalini mkono wa kulia ulikuwa hausogei na maneno yalikuwa yamemtoka kabisa, isipokuwa machache ambayo hayakutabirika. Nilikwenda kumwona. Alinitazama, akahangaika, akasema, "Ejo." Kwa Kiha ejo ni jana na pia ni kesho. Mkewe, Mama Leokadia, alinisindikiza mpaka mlangoni akasema, "Anasema hivyo siku nzima, Tausi. Tumeacha kumuuliza ni ipi."

Basi programu ikawa yangu. Tulikuwa tunaihifadhi katika folda moja kubwa yenye folda nyingine ndani yake na nyingine ndani ya hizo, pamoja na historia ya kila badiliko lililowahi kufanywa. Tuliiita ghala. Nikiwa kijana mwenye cheti kipya niliingia humo kama mtu anayehamia nyumba ya watu wazima: nikaanza kutupa vitu. Kulikuwa na folda iliyoitwa "saa". Ndani yake kulikuwa na mistari mirefu ambayo, kwa kadiri nilivyoona, kazi yake ilikuwa kuongeza sita kwenye saa iliyotumwa na muuguzi. Nikacheka. Kompyuta yenyewe inajua saa, ya nini kuiongezea sita? Niliona pia faili ndogo pembeni yake yenye jina "nisome", lakini karibu kila folda ilikuwa na faili ya jina hilo na nilikuwa nimeshajiaminisha kuwa ni takataka za zamani. Nikafuta folda nzima. Nikatuma ujumbe mmoja wa majaribio, ukajibiwa "Umepokelewa". Nikashuka kula nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Wiki tano baadaye Bi. Hidaya, mkuu wetu, alipokea simu kutoka Kasholo, kijiji cha kusini ambacho kwa boti ni nusu siku. Ukuta kati ya vyumba vyetu ulikuwa wa ubao, nikasikia upande wake wa mazungumzo. "Zote?" aliuliza. Kisha, "Na watoto?" Kilichotokea ni hiki. Paneli ya jua ya Kasholo ilikuwa imelegea, jokofu likawa linapata joto mchana na kupoa alfajiri. Muuguzi, Mama Esperansi, alituma namba kila siku kama kawaida. Jioni alikuwa anatuma nyuzi kumi na moja, mara kumi na mbili, joto ambalo lingetakiwa kumwamsha fundi. Programu ikamjibu "Umepokelewa", naye akamsubiri fundi. Siku ya kliniki akina mama walifika na watoto mgongoni, wengine wakitoka milimani, na yeye alipochukua chupa akakuta alama ya mraba kwenye lebo imebadilika rangi. Ndiyo alama inayoonyesha chanjo imeungua. Hakumchoma mtoto hata mmoja. Aliwarudisha wote nyumbani, akaketi akapiga simu.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kufunga ofisi, nilimsikia Bi. Hidaya akizungumza na watu wa mkoa. "Aliyeiandika hawezi kusema," alisema, "na aliyepo haijui. Nipeni miezi mitatu. Ikishindikana tutarudi kwenye daftari." Kisha akasema jambo ambalo nililibeba muda mrefu: "Hapana, si msichana. Ni kosa la mzee, lilikuwa humo siku zote." Nilikuwa nyuma ya ubao, hatua nne kutoka kwake. Ningeweza kusimama. Sikuwa nimejua bado kwamba kosa ni langu, lakini nilishaanza kushuku, na nilibaki nimekaa. Kule chini habari ikawa imefika kabla ya asubuhi. Niliingia kazini nikasikia mteja wa Mama Zawadi akisema, "Kumbe Bubu alikuwa anaandika upuuzi," na sauti ya mwiko ukigongwa kwenye sufuria kwa hasira.

Nilitumia siku tatu kutafuta ujumbe wa jioni wa Kasholo ulikokwenda. Ulikuwa umetupwa kama marudio. Programu iliona saa kumi na mbili ya asubuhi, ikaona saa kumi na mbili nyingine, ikadhani muuguzi ametuma mara mbili, ikabaki na ule wa kwanza. Nilirudi kwenye historia ya ghala, nikafungua siku ile niliyofuta, na pale, chini ya mistari yangu ya kufuta, ikatokea ile nisome ambayo sikuwahi kuisoma. Naikumbuka yote. "Hii sita usiiondoe. Kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane. Muuguzi anaanza asubuhi kama mimi na wewe. Kumi na mbili yake ni mbili, ya kuamka na ya kufunga kazi, na sehemu hii ndiyo inayozitenganisha, kwa kutazama ujumbe umeingia wakati gani. Mimi mwenyewe niliwahi kuiondoa nikadhani nasafisha. G." Nilisoma nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Nilirudisha folda mahali pake, nikajaribu, ikafanya kazi. Bi. Hidaya alinipongeza kwa kulirekebisha kosa la mzee. Nikasema asante.

Nataka kuwa mkweli kuhusu kilichofuata, kwa sababu ningependa kusema aibu ndiyo iliyonisukuma. Aibu ilikuwepo. Ila kilichonikalisha kwenye kiti siku baada ya siku kilikuwa udadisi. Kama faili moja ilikuwa na sauti ile, nyingine zilisema nini? Nikaanza kuzifungua. Katika folda ya kupokea ujumbe aliandika: "Wauguzi wengine hawaachi nafasi kati ya namba. Usiwafundishe wao, ifundishe programu." Katika folda ya kumtafuta fundi: "Ijumaa mchana hapokei, yuko msikitini. Mpigie kaka yake, yeye ni wa Sabato." Katika folda ya majaribio: "Hili linashindwa karibu kila Februari. Sijui kwa nini. Ukijua niambie." Moja ilinituma kwenye nyingine, "tazama kule kwenye mizani", nami nikaenda, na kule nikaambiwa nitazame kwingine. Mama Zawadi akigonga dari nilishuka nikiwa bado nasoma kichwani. Aliniuliza siku moja mbona natabasamu na samaki. Nikamwambia, "Mzee Gervas anachekesha." Akanitazama kama mtu aliyeona mzimu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la tovuti. Hakuna mtu ambaye angeingia folda moja moja kama mimi, na muuguzi wala fundi asingeingia hata moja. Nilitaka maneno yale yote yasomeke mahali pamoja, yenye orodha upande wa kushoto na sehemu ya kutafutia juu, na yafunguke hata kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Niliona ni kazi ya asubuhi moja. Nikaandika amri ya kunakili kila nisome na kuziweka kwenye folda mpya. Nikabonyeza, nikafungua folda nikiwa na hamu, nikakuta faili moja. Zote zilikuwa na jina moja, kwa hiyo kila iliyoingia iliifuta iliyotangulia, na iliyobaki mwishoni ilikuwa ya folda ya "zamani", yenye sentensi moja: "Humu hamna kitu." Nilicheka mpaka Bi. Hidaya akachungulia.

Mara ya pili nilizinakili kwa mkono, nikaipa kila moja jina lake. Ilinichukua wiki mbili, na tovuti ikapendeza. Wiki ya tatu fundi alibadilisha namba ya simu. Nikaibadilisha kwenye ghala nikasahau nakala, na tovuti yangu ikaendelea kutoa namba ya zamani kwa upole kabisa. Nilikaa nikaitazama. Mzee Gervas alikuwa ameyaweka maelezo ya saa ndani ya folda ya saa ili anayeshika kimoja akione na kingine. Mimi nilikuwa nimeyang'oa nikayapeleka mbali. Nikafuta nakala zote. Nikaandika programu ndogo ambayo huziacha faili pale pale zilipo, huzunguka ghala zima folda kwa folda, husoma kila nisome, huipa ukurasa jina la folda yake, na kila "tazama kule" huigeuza kuwa kiungo cha kubonyeza. Ukibadilisha faili, tovuti hujengwa upya kutoka humo humo. Viungo vilivyovunjika programu ilivitaja kimoja kimoja, na hivyo nikajua mzee alikuwa ameahidi maelezo matatu ambayo hakuwahi kuyaandika. Niliyaandika mimi, nikiiga ufupi wake, vibaya. Hata lile la Februari nililipata: programu ilitafuta tarehe ishirini na tisa mahali ambapo haipo.

Mwezi wa tatu wa ile mitatu tuliyopewa nilipanda boti kwenda Kasholo, kompyuta imefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, kumwonyesha Mama Esperansi. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu vilivyopakwa chokaa, na jokofu lilikuwa kwenye chumba cha katikati, limefunikwa kitambaa cha mshono wa maua kama kitu cha sebuleni. Mama Esperansi alikuwa mnene, mwepesi wa mikono, wazazi wake walivuka kutoka Kongo na Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa ng'ambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtoto. Kwanza kula. Mambo ya mashine hayaozi."

Akanipakulia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakalainika, yenye mawese na dagaa, na wali wa kunikaribisha. Tulikula kwenye chumba cha kuchomea sindano, chini ya picha ya mtoto anayecheka. Kupitia dirishani niliwasikia wanawake wawili waliokaa barazani. Mmoja alisema, "Huyo ndiye wa zile simu." Mwingine akajibu, "Nilitembea toka alfajiri siku ile, na mapacha. Nikarudi nao hivyo hivyo." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mama Esperansi alifungua kurasa, akasoma kwa kidole, akacheka pale pa nafasi kati ya namba. "Huyo ni mimi! Mimi ndiye sikuwa naacha nafasi!" Kisha akauliza, "Na huyo mzee aliyekosea, anaendeleaje?"

Ningeweza kusema anaendelea vizuri. Nikaweka kijiko chini. "Mama, hakukosea yeye. Nilikosea mimi. Nilifuta sehemu yake bila kusoma, na maelezo yalikuwa pale."

Akaondoa sahani yangu, akaifuta meza pale nilipokuwa nimekaa, akakunja kitambaa.

"Mimi nimemlaani mtu mgonjwa," alisema. "Wiki nyingi. Nimemlaani kwenye sala."

"Nisamehe."

"Mimi nitakusamehe, hilo si gumu. Bosi wako anajua?"

"Hajui."

"Basi umwambie kabla mimi sijampigia. Na mimi nitampigia Jumatatu." Akaelekea barazani, akasema kwa sauti ili nisikie, "Mama Mapacha, ingia. Huyu dada ana neno nawe." Nilimwambia na yeye. Alinisikiliza, akaniuliza kama nina mtoto, nikasema sina. Akasema, "Ukipata, utajua uzito wa wawili," na hapo ndipo akacheka kidogo. Watoto wake walikuwa wameshachanjwa mwezi uliofuata kliniki ile, walikuwa wanavutana kanga yake.

Bi. Hidaya nilimwambia Jumatatu asubuhi, nimesimama, mlango wazi. Hakupaza sauti. Aliniuliza ni lini nilijua, nikamwambia siku. Akahesabu kwa vidole wiki nilizonyamaza. "Kufuta ni kosa la kazi," alisema. "Hizi ndizo siwezi kukusaidia nazo." Alipiga simu mkoani mbele yangu, akasema kosa halikuwa la mzee, akataja jina langu. Nilikatwa nafasi ya mafunzo ya Dodoma niliyokuwa nikiisubiri, na ilikuwa haki. Lakini programu haikurudishwa kwenye daftari. Alitaka kujua tovuti inajengwaje, akakaa kwenye kiti changu saa nzima akibonyeza kiungo baada ya kiungo, na mwisho akasema, "Ukurasa wa saa haujaisha. Umeeleza kwamba sita isiondolewe. Eleza na kilichotokea ilipoondolewa." Niliandika alasiri ile, mistari mitano, na jina langu. Kisha nikashuka nikamwambia Mama Zawadi, na yeye akawaambia Bangwe nzima, bure.

Kwa hesabu yangu, ule mwaka unaishia Rusimbi, nyumbani kwa Mzee Gervas, Jumamosi moja baada ya mvua za kwanza. Nilikuwa nimeahirisha kwenda. Mama Leokadia aliweka kiti cha mzee uani, karibu na ukuta wenye kivuli, akaniletea chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Niliiweka kompyuta kwenye stuli mbele yake. Nilimweleza kila kitu, pamoja na yale waliyosema watu juu yake na jinsi nilivyowaacha waseme. Macho yake hayakuniacha. Nilipomaliza alitikisa kichwa, sikujua ni kwa kunikubali au kunikataa, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kompyuta.

Alisoma mchana kutwa. Nilimfundisha kubonyeza kwa kidole kimoja, akashika haraka. Alikwenda kutoka folda hadi folda kama mtu anayekagua shamba lake baada ya safari, akisimama hapa, akirudi pale. Mama Leokadia alichambua maharage pembeni akisoma juu ya bega lake, na mara kwa mara akasema, "Haya yote uliyaandika wewe? Lini? Mbona hukuwahi kuniambia?" Kwenye ukurasa wa zahanati moja ya kaskazini mzee alisimama muda mrefu. Pale alikuwa ameandika kwamba ujumbe wa kule huchelewa kwa sababu mvua huzuia mtandao, na mtu avumilie. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Leokadia akaangusha ungo akidhani kiharusi kimerudi. Alikuwa anacheka.

"Uongo," alisema, wazi kabisa. Akagonga kioo kwa kidole. "Uongo."

Nikafungua faili yenyewe nikamsogezea. Alitafuta herufi moja moja kwa mkono wa kushoto, akafuta, akaandika tena. Mama Leokadia alichemsha chai nyingine, ikapoa. Kivuli cha ukuta kilifika kwenye mlango wa jiko. Hakukubali nimsaidie hata herufi moja, na nilipojaribu alinisukuma mkono. Alipomaliza aliegemea kiti, jasho limemtoka kama aliyelima, akanigeuzia kompyuta nisome.

"Si mvua. Nilifunga antena ikatazama kilima. Niliona aibu kurudi. Nendeni mkaigeuze."

Tulikwenda wiki iliyofuata, mimi na fundi, tukaigeuza.